Andika Alivyokukatalia

Maswali ya wasomaji, na majibu ya mzee wa safu hii

SWALI: Shikamoo mzee. Mtu aliyenilea kibiashara alifariki wiki tatu zilizopita. Alianza kwa kukarabati cherehani, akaja kuagiza vipuri vyake, mwisho akawa na kampuni nne na pasipoti zilizojaa mihuri. Vijana tuliopita mikononi mwake ni wengi. Familia imeniomba niandike wasifu utakaosomwa siku ya kumbukumbu, dakika kumi, na kuchapwa kwenye kijitabu. Nimeandika kurasa sita, nakuambatanishia. Nikizisoma naona kama barua ya kuomba kazi: nchi 31 zimo, kampuni zote zimo, yeye mwenyewe hayumo. Nimekosea wapi? (Binti wa Ghala)

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Wiki tatu ni juzi tu, na kalamu ya msiba huwa nzito.

Kurasa zako nimezisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na penseli: "alisafiri" limetokea mara 14, "mjasiriamali" mara tisa, "alisema" mara moja, na hapo ni kwenye hotuba aliyoandikiwa na mtu mwingine. Mjasiriamali ni neno zuri, jasiri na mali vimefungwa pamoja, lakini ukilirudia mara tisa linakuwa cheo. Mara moja inatosha. Kwingine mwite kwa jina mlilokuwa mkimwita nyuma yake, maana najua mlikuwa nalo.

Kabla ya safu hii nilikaa miaka 19 kwenye meza ya tanzia na kumbukumbu katika gazeti moja. Wasifu ulionichosha kuliko wote ulikuwa wa watu wa aina ya mzee wako. Akifa mwalimu wa darasa la kwanza, watu huleta visa. Akifa tajiri aliyezunguka dunia, watu huleta orodha. Nadhani ni kwa sababu wanamwogopa hata akiwa kaburini, wanahisi kisa kidogo kitampunguza.

Mimi pia nililelewa. Nilikuwa na miaka 24, nimejiaminisha kwamba nitaagiza vipuri vya pampu za maji. Nikaenda kwa mzee mmoja aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, nikamwomba mkopo. Akakataa. Sababu hakutoa. Alinipa daftari lake la madeni, akaniambia nilinakili lote kwa mkono kisha nirudi. Ilinichukua siku tatu. Nilipofika katikati ya daftari nikaanza kuona kitu: wateja wakubwa, wale ambao kila mtu alitamani kuwauzia, ndio waliochelewa kulipa. Mmoja alikaa miezi saba. Fundi mdogo anayenunua valvu mbili alilipa Ijumaa ileile. Niliporudi, mzee akauliza swali moja tu: "Kwa mtaji unaouomba, ungeweza kumsubiri huyu muda gani?" Nikapiga hesabu mbele yake. Wiki sita. Akachukua daftari lake akaendelea na kazi. Vipuri sikuagiza. Niliishia gazetini, jambo ambalo mke wangu hadi leo anamlaumu nalo yule mzee.

Alipofariki, wasifu wake ulitaja bandari zote alizopitia. Daftari halikutajwa. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, nikanyamaza.

Kwa hiyo anzia hapo, mwanangu: andika alivyokukatalia. Msaada wa watu kama hawa unafanana. Ni pesa, ni barua ya utambulisho, ni namba ya simu ya mtu fulani. Kukataa kwao hakufanani hata kidogo. Yupo anayekataa kwa swali, yupo anayekataa kwa kunyamaza siku nne, yupo anayekupeleka kwa mshindani wake ukajionee. Humo ndimo anamoonekana. Nilikuandikia kukuuliza wewe alikukatalia nini, ukanijibu kwa ujumbe mrefu kuliko kurasa zako zote sita, na ninachoandika hapa chini kimetoka humo, kwa ruhusa yako.

Kwanza, safari. Nchi 31 ni hesabu ya mihuri, haimhusu msikilizaji. Chagua safari moja. Umeandika kwamba alikwenda maonyesho ya bidhaa ya Guangzhou, China, mara 22. Maonyesho hayo yapo tangu 1957 na kwa kawaida hufanyika mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mara 22 ni miaka 11 bila kukosa hata msimu mmoja. Sema hivyo, mtu ataelewa ukaidi wake. Kisha, kwenye ukurasa wa nne, umepitisha sentensi moja haraka kama mtu anayevuka barabara: "Mwaka 2011 alinichukua kubeba sampuli." Hiyo ndiyo sentensi! Umeniambia alikukataza kufungua mdomo siku mbili nzima. Ulikaa nyuma yake, meza baada ya meza, na sampuli zako mapajani, ukidhani anakudharau. Siku ya tatu asubuhi akakuuliza ni muuzaji yupi kati ya wale watano alikuwa anadanganya. Ukasema yule aliyecheka sana. Akasema hapana, ni yule ambaye hakuandika kitu. Mtu anayekusudia kutimiza anachoahidi hukiandika, akasema, maana anajua atasahau.

Unayo dakika kumi. Kipe kisa hicho tatu.

Pili, kuna swali ambalo kurasa zako hazikuligusa kabisa. Neno wanalotumia Wazungu kwa mlezi wa namna hii, mentor, ni jina la mtu katika utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale. Shujaa wake, Odysseus, alipokwenda vitani Troy, alimwachia rafiki yake Mentor nyumba yake yote aisimamie, na mwanawe Telemachus akiwemo. Yaani msafiri alikuwa mmoja na mlezi alikuwa mwingine, yule aliyebaki. (Hata hivyo kazi kubwa ya ulezi katika utenzi ule inafanywa na mungu wa kike Athena aliyejigeuza akafanana na Mentor, lakini hilo tuliache.) Mzee wako alikuwa vyote viwili. Sasa mtu aliyekuwa safarini nusu ya mwaka aliwalea saa ngapi? Umenijibu: alipiga simu akiwa anasubiri ndege. Ndege ikichelewa kwa saa nne, nyinyi ghalani mnajua leo hakuna kulala. Alitaka asomewe mauzo ya siku mstari kwa mstari, na ukiruka mmoja alijua. Basi andika hivyo, kwamba aliwalea akiwa kwenye foleni. Wajane na watoto wa wasafiri watakaokuwa wamekaa pale watalielewa kwa namna nyingine pia, na ni haki yao. Kama muda aliowapa nyinyi kwenye simu ulikuwa muda ambao nyumbani hakupiga, usiupambe.

Tatu, mashahidi. Umewahoji wenzako sita mkiwa mmekaa pamoja mezani, ndiyo maana wote wanasema jambo lilelile. Kumbukumbu huambukizana. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yaliyogongana. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana", wengine "yalipopondana". Wiki moja baadaye wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika kundi la neno kali, 16 kati ya 50 walisema ndiyo. Katika lile la neno pole, saba kati ya 50. Kwenye filamu hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika. Basi usimuulize mtu "alikuwa mkarimu kiasi gani?" Utaletewa vioo. Muulize mara ya mwisho walizungumza nini, na wapi. Muulize kila mmoja peke yake. Na usiishie kwa walionyanyuka. Mtafute mhasibu, dereva, mtu aliyeacha kazi kwa hasira.

Kisa cha ndege iliyotua bila gurudumu, ulichokiweka ukurasa wa pili, kinanitia wasiwasi. Wasafiri wana chumvi yao. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa zamani, aliondoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325, na aliporejea aliisimulia safari yake kwa mwandishi, Ibn Juzayy, kitabu kikakamilika mwaka 1355. Ndani yake mna maelezo ya miji yaliyochukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr, msafiri aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka mia. Hakuna anayemvua Ibn Battuta heshima kwa hilo. Wewe pia mstahi mzee wako: andika "alipenda kusimulia kwamba", kisha weka gurudumu lako.

Mwisho, kabla kijitabu hakijaenda kuchapwa, mpe mtu asiyekuwa na huzuni akague majina na picha. Niliwahi kuchapa picha ya ndugu wa marehemu juu ya tanzia, na ndugu mwenyewe akanipigia simu asubuhi kuniambia anajisikia vizuri tu. Nilijifariji kwa Alfred Nobel, yule mwenye tuzo za Nobel: kaka yake Ludvig alipofariki Cannes mwaka 1888, gazeti moja la Ufaransa lilitangaza kifo cha Alfred, tena kwa maneno makali. Faraja hiyo haikumshawishi mhariri wangu.

Mimi huhesabu maneno 100 kwa dakika mtu anaposoma mbele ya wafiwa. Dakika kumi ni maneno 1,000. Andika 800. Yale 200 yaliyobaki ni ya koo lako.

SWALI: Mzee, baba yetu mdogo alikuwa mfanyabiashara wa kuzunguka nchi na nchi. Ameacha sanduku lina pasipoti sita, risiti mamia, kadi za biashara na simu mbili. Wengine wanasema tuchome, wengine tupige picha tuweke mtandaoni wote waone. Tufanyeje? (Mwenye Sanduku)

JIBU: Msichome, na msiweke mtandaoni.

Anzeni na simu, leo. WhatsApp kwa kawaida hufuta akaunti isiyotumika kwa siku 120, na mafunzo ya mtu wa aina hiyo huwa yamo kwenye jumbe za sauti kuliko kwenye karatasi. Wajulisheni wote aliowashauri wahifadhi jumbe zake nje ya simu zao, maana nakala waliyonayo wao haitegemei simu ya marehemu. Nimesikia ujumbe mmoja wa namna hiyo: dakika mbili za bei ya mizigo, kisha mzee anakohoa, anasema "haya, umekula?" Mwenye nao haufuti kwa chochote.

Risiti zifuate. Nyingi za miaka ya karibuni zimechapwa kwenye karatasi ya joto, isiyotumia wino kabisa. Karatasi yenyewe ina kemikali inayogeuka nyeusi ikipata moto. Kwa hiyo maandishi hufifia kwa mwanga na joto, na ukiipitisha kwenye mashine ya kulaminishia inageuka nyeusi yote. Binti mmoja alinipigia akilia kwa jambo hilo. Zipigeni picha sasa, mzitie kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu penye giza.

Kadi za biashara zigeuzeni. Upande wa mbele ni wa mwenye kadi, nyuma ndiko baba mdogo alikoandika. "Analipa." "Usimpe mzigo kabla ya pesa." "Mama yake mgonjwa, muulize." Kama zimo za hivyo, mmepata wasifu wenu. Hiyo ya "usimpe" msiisome hadharani.

Pasipoti katika nchi nyingi ni mali ya serikali iliyoitoa, hata mwenyewe akishafariki. Ulizeni ofisi husika. Mara nyingi ukiomba huibatilisha kwa kuikata pembe au kuitoboa, kisha hukurudishia uweke kumbukumbu. Picha ya ukurasa wenye namba na tarehe ya kuzaliwa isionekane popote, maana wezi wa utambulisho wanawapenda sana marehemu wenye akaunti za benki. Kurasa za mihuri tu ndizo za kuonyeshana, na hizo zitunzeni, kwa kuwa mhuri wenyewe unaondoka duniani. Hong Kong iliacha kuwagongea wageni mwaka 2013, na nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zilianza tarehe 12 Oktoba 2025 kuwasajili kwa picha ya uso na alama za vidole. Wajukuu wa wafanyabiashara wa sasa hawatakuwa na cha kupekua.

SWALI: Aliyenifundisha kazi aliwahi kufilisika kabisa kabla ya kusimama tena. Mimi naona ndiyo sehemu bora ya maisha yake. Wanawe wanasema nikiitaja namvua nguo marehemu. Nani yuko sahihi? (Shahidi)

JIBU: Wewe. Lakini wasifu ni wao, kwa hiyo kushinda hoja hakutakusaidia.

Wape njia. Henry Ford alikuwa na kampuni ya magari iliyovunjwa mwaka 1901, miaka miwili kabla ya ile iliyobeba jina lake hadi leo. Kati yake akaanzisha nyingine akaondoka mwaka 1902, ikaja kuwa Cadillac. Hakuna anayedhani habari hizo zinamvua nguo. Tatizo la wanawe si kufilisika, ni hofu ya maswali: nani alidhulumiwa, nani bado anadai. Waulize hilo waziwazi. Kama kuna wadai waliobaki, suala ni la msimamizi wa mirathi na wewe usiliguse jukwaani, hata kwa kusifu. Kama wote walilipwa, waombe watoto wenyewe waseme sentensi moja: mwaka ule baba alianguka, na kila aliyemdai alilipwa. Sentensi hiyo ikitoka kinywani mwa mwana ina uzito ambao wewe huwezi kuutoa. Nimeona watoto wakikataa kwa wiki mbili, kisha wakaisema kwa kujivuna.

SWALI: Tuko 11, sote tulilelewa na mama mmoja mfanyabiashara. Tunataka kuanzisha tuzo kwa jina lake. Ushauri? (Wale Kumi na Mmoja)

JIBU: Tuzo inahitaji mfuko, kamati, na mtu wa kugombana. Nobel huyohuyo alitia saini wosia wake Novemba 27, 1895, akafariki Desemba 10, 1896, na tuzo za kwanza zikatolewa mwaka 1901, baada ya baadhi ya jamaa zake kuupinga wosia. Naye alikuwa na utajiri wa baruti.

Nyinyi fanyeni jambo dogo kwanza. Mama huyo hakufa akiwa amemaliza. Bila shaka kuna vijana aliokuwa anawashika mkono mwezi ule aliofariki, na sasa hakuna anayewapigia simu. Tafuteni majina kwenye simu yake au kwa katibu wake. Gawaneni, kila mmoja achukue mmoja, ampigie siku ileile ya wiki ambayo mama alikuwa akimpigia. Baada ya mwaka, kama bado mko 11, niandikieni tena kuhusu tuzo.

SWALI: Shikamoo. Alinifundisha biashara miaka minane. Kisha tukagombana kwa ajili ya mteja, nikaondoka naye, hatukusemezana miaka miwili mpaka akafa. Nimealikwa kwenye kumbukumbu yake. Ninayo bado rula ya chuma aliyonipa siku ya kwanza ya kupiga mistari ya daftari. Nina haki ya kwenda? Na nikiitwa kusema? (Aliyeondoka)

JIBU: Marahaba. Umealikwa, na aliyekualika anajua yote hayo kuliko msomaji yeyote wa safu hii.

Kaa nyuma. Usiitishe kipaza sauti. Ukiitwa, taja ugomvi kwa sentensi moja, kwa sababu nusu ya ukumbi unaujua na nusu nyingine itaambiwa mkitoka: "Nilimchukulia mteja, na hatukusemezana tena." Usieleze nani alikuwa na haki. Kisha rudi nyuma miaka minane, useme siku ya rula ilikuwaje, mistari yako ya kwanza ilikwenda upande gani, na yeye alifanya nini alipoiona. Ukimaliza keti.

Rula yenyewe nenda nayo.